Macho ya Mathenge: Mhadhara Juu ya Kuuondoa Mti Unaorudi Uani



Nimeombwa nizungumze juu ya mathenge. Sitazungumza juu ya ule wa malishoni. Huo una wasemaji wengi: kaunti, wizara, wafadhili, na kila msimu una semina yake. Mimi nataka tuutazame mathenge mmoja tu, ule uliosimama nyuma ya jiko, baina ya tangi la maji na choo. Umeshaukata mara kadhaa. Kila ukiukata unarudi, na unarudi na matawi mengi kuliko ya kwanza, yaliyolala chini na yenye miiba inayotoboa malapa ya mtoto na gurudumu la pikipiki.

Niitoe hoja yangu mapema, kusudi mwenye haraka aondoke nayo. Wengi wanaoshindwa na mti huu si wavivu. Wanashindwa kwa kuupiga mahali ambapo uhai wake haupo. Mti wowote unaochipua upya una mahali maalumu unapochipulia. Kwa mathenge, ukipajua, jembe na shoka vinatosha. Usipopajua, utanunua dawa, utaimwaga, na mvua ikinyesha utaukuta umesimama palepale.

Kwanza historia kidogo, maana wapo wanaodhani mti huu ulijileta. Kwao ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Hapa Kenya, upandaji wa kwanza ulioandikwa ni wa mwaka 1973, kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi karibu na Mombasa, kwa mbegu zilizotoka Brazil na Hawaii. Machimbo yale yalikuwa mawe meupe yasiyo na udongo, na ulitakiwa mti usiobagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaletwa Baringo, sehemu za Ng'ambo, Loboi na Salabani, chini ya miradi ya kuni na malisho. Ukapandwa pia Bura, Tana River, kwenye mradi wa umwagiliaji. Shida ya wakati ule ilikuwa ya kweli: ardhi ilikuwa tupu, upepo ulibeba vumbi mpaka ndani ya masufuria, na kina mama walitembea mbali kutafuta kuni. Mti ulifanya kazi uliyoitiwa. Sipendi ile tabia ya kuwacheka waliouleta kana kwamba walikuwa wajinga. Walichokosa ni mpango wa siku ambayo mti ungevuka ua.

Na ukavuka. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mathenge, ambayo yana sukari nyingi na mbegu ngumu. Magazeti yalimpenda sana mbuzi yule. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huu kuwa gugu baya kwa mujibu wa sheria ya magugu. Kwa hiyo mti uliogawiwa kwa wananchi kama zawadi ukawa, katika muda usiofika miaka thelathini, mti ambao mwananchi anatakiwa na sheria auzuie. Leo unapatikana Garissa, Turkana, Tana River na Taveta, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, umeingia pande za Kahe na Mwanga. Wanasayansi nao hawajaacha kuusumbua: mwaka 2022 waliutoa katika jenasi ya Prosopis wakauita Neltuma juliflora. Mkisoma kijitabu kipya mkakuta jina hilo, jueni ni mti uleule.

Sasa tuuchimbue, maana hapa ndipo penye faida.

Mathenge una mizizi ya aina mbili. Upo mzizi mkuu unaoshuka wima kutafuta maji, na ipo mizizi ya pembeni inayotambaa karibu na uso wa ardhi, nayo ndiyo inayoingia kwenye mabomba yenye nyufa na chini ya sakafu. Kuhusu mzizi unaoshuka, taarifa moja ya kisayansi ya mwaka 1963 ilieleza mizizi hai iliyokutwa kwenye mgodi wa wazi karibu na Tucson, Arizona, takriban mita 53 chini ya uso wa ardhi, na ikadhaniwa kuwa ya jamaa wa mathenge wa huko. Watu wakisikia habari hiyo hukata tamaa. Nani atachimba mita 53 nyuma ya jiko lake?

Hakuna haja. Mzizi ule ni wa kunywa tu, hauna macho ya kuchipulia. Wakulima wa muhogo mnanielewa: unapanda kipande cha shina chenye macho kinaota, ukipanda kiazi chake chenyewe kinaoza. Macho ya mathenge yamejazana pale shina linapogeuka kuwa mzizi, sehemu ambayo nitaiita shingo. Shingo hiyo iko juu kidogo ya ardhi na chini kidogo ya ardhi. Panga linapopita juu yake halijaua kitu. Limeondoa tu kile kilichokuwa kikiyanyamazisha yale macho, na sasa yote yanaamka pamoja. Ndiyo maana shina moja lililokatwa hurudi na mashina sita.

Nchini Ethiopia, katika bonde la Awash ya Kati, watafiti waliikata miti hii kwa vimo mbalimbali. Iliyokatwa juu ya ardhi ilichipua. Iliyokatwa sentimita 10 au zaidi chini ya ardhi haikuchipua. Sijui matokeo mengine ya utafiti yanayoweza kubebwa mpaka shambani kwa urahisi kama hayo. Mimi huwaambia watu wafike sentimita 30, kwa sababu nyua zetu hazifanani na shamba la majaribio. Mafuriko huleta matope, upepo huleta mchanga, mama hufagia majivu na takataka kuelekea kwenye kisiki, na baada ya miaka shingo imezikwa chini zaidi kuliko unavyodhani. Usipime kwa rula peke yake. Chimba mpaka uone shina limekwisha na mizizi imeanza kugawanyika kwenda pande zake, kisha kata hapo chini yake.

Kabla ya kukata, tafadhali hakikisha unakata mathenge. Nimeonyeshwa visiki vya mgunga ambavyo mwenye ploti alijivunia kwamba ni vya mathenge alioushinda. Mgunga una maganda yaliyojisokota, na miiba ya namna mbili, mirefu iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda. Mathenge una ganda refu, limenyooka au limepinda kidogo, rangi ya majani makavu, tamu ukilitafuna. Ndugu zetu walioko Oman wana mtihani mgumu zaidi, kwa sababu huko upo mghafu wa asili, mti wa heshima jangwani, na upo mgeni huyu wanayemwita ghaf bahri, nao ni wa ukoo mmoja. Huko kumekuwa na kampeni za kung'oa mgeni, hasa Dhofar, na mwenye bustani asiyejua tofauti anaweza kumfukuza mwenyeji akamwacha mvamizi.

Kuna swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza juu ya jambo hili, na ndilo lililonifanya nikubali kuja. Watu husema: nimekiondoa kisiki, lakini mizizi imesambaa uani kote, nachipukiwa na mathenge mita tatu, mita tano kutoka pale. Kisha wanamwaga sumu ardhini kuitafuta mizizi.

Fanya jambo hili kabla ya kumwaga chochote. Subiri siku iliyofuata mvua, shika moja ya hayo machipukizi karibu kabisa na ardhi, ulivute polepole. Kama limetoka kwenye mzizi wa mti mkubwa, litakatika, na ukifukua utaukuta mzizi mnene umelala mlalo chini yake. Kama lina mzizi wake mwembamba unaoshuka wima, hilo ni mche uliotokana na mbegu. Kwa mathenge, mara nyingi sana utakuta ni mche. Hakuna mizizi iliyosambaa na kuchipua. Kuna mbegu zilizosambaa, na aliyezisambaza amefungwa nyuma ya nyumba yako, anakula maganda na kutoa kinyesi.

Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Ipo miti ambayo kweli huchipua kutoka mizizini, na dawa yake ni kinyume cha hii. Mmoja ni Broussonetia papyrifera, mforosadi wa karatasi, uliovamia msitu wa Mabira nchini Uganda; ukiukata, mizizi yake ya pembeni huinua machipukizi mbali na kisiki. Mwingine ni ailanto, mti wa China ambao William Hamilton aliupeleka Philadelphia mwaka 1784 kupamba bustani yake, na ambao leo huota kwenye nyufa za kuta za miji ya Marekani na Ulaya. Mwenye ailanto akichimba kisiki na kuacha vipande vya mizizi ardhini, ameupanda upya, kwa sababu macho yake yako mizizini kwenyewe. Huko wanashauriwa wasikate kwanza. Wanatakiwa wautie dawa mti ukiwa umesimama, mwishoni mwa kiangazi, wakati chakula kinashuka kutoka majanini kwenda mizizini, ili mti uibebe dawa wenyewe mpaka chini. Kijana akisoma ushauri huo kwenye simu yake, akaja kuutumia kwa mathenge wa Marigat, hapa Baringo, anapoteza pesa. Na Mganda akiuchimba mforosadi wake kwa ushauri wangu wa leo, atanilaani.

Turudi uani. Kazi yenyewe ifanywe baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Vaa viatu vya soli ngumu na glavu za ngozi. Mwiba wa mathenge hukatikia ndani ya nyama na kidonda huvimba. Punguza matawi kwanza, uache shina la kimo cha kiuno, kwa sababu utalihitaji kulisukuma na kulivuta. Kisha chimba kwa jembe na sururu kulizunguka, ukate mizizi ya pembeni kwa shoka kadiri unavyoikuta, ufike chini ya shingo, ukate. Vijana wawili wenye mtaimbo wataumaliza mti wa ukubwa wa paja kabla jua halijawa kali. Mti mkubwa zaidi ni kazi ya siku nzima, na ulio kando ya ukuta au tangi ni kazi ya fundi. Usikubali mtu akuambie atakuondolea kwa bei ndogo kwa kuukata tu. Huyo anakuuzia kazi yake ya mwaka ujao.

Kuhusu tiba za mitaani. Chumvi: mathenge ulipendwa na waliouleta, pamoja na sifa nyingine, kwa kuvumilia udongo wa chumvi. Utaua mchicha wako na kisiki kitakuwa cha mwisho kufa. Oili chafu ya gari: ina sumu zinazobaki ardhini, na kwa anayechota maji kisimani karibu na hapo sina neno zaidi ya kumwomba aache. Moto wa tairi juu ya kisiki: unaunguza kilicho juu, shingo iliyofunikwa na udongo inabaki baridi, na majirani wanakohoa. Yapo pia madawa ya kweli. Afrika Kusini na Australia wanatumia dawa ya kuua vichaka iliyochanganywa na dizeli, hupakwa kuzunguka sehemu ya chini ya shina au juu ya kisiki kilichokatwa sasa hivi. Inafanya kazi kwa masharti: kisiki kikatwe chini kabisa, kipakwe mara moja kabla jeraha halijakauka, na kupaka kuzingatie ule utepe hai ulio chini tu ya gamba, siyo katikati ya mti ambako kuni tayari ni mfu. Hapa kwetu tumia tu dawa iliyosajiliwa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, kwa kazi iliyoandikwa kwenye lebo yake, na kama uani kuna watoto, mbuzi na kisima, mimi ningechagua sururu.

Sasa tumtazame mbuzi, kwa sababu kuondoa kisiki ni nusu fupi ya kazi. Mbegu ya mathenge ina ala ngumu. Mnyama akila ganda, sukari inabaki kwake na mbegu nyingi zinapita salama, zimelainishwa na tumbo, zikaangukia kwenye kinyesi chenye unyevu na mbolea. Hakuna kitalu kizuri kuliko hicho. Halafu sisi wenyewe tunachukua samadi ya boma na kuitandaza kwenye bustani ya sukuma wiki. Mtu anayefanya hivyo amepanda mathenge kwa mstari. Samadi ya mifugo inayokula maganda iweke kwenye lundo, uilowanishe, uache mbegu zichipue, uigeuze miche ife, urudie kabla hujaitumia. Hutazimaliza mbegu zote, maana nyingine hulala miaka ardhini kabla ya kuota, lakini utazipunguza sana.

Wakati wa maganda, okota. Ni kazi ya watoto na haihitaji elimu. Maganda hayo si takataka: yakisagwa unga pamoja na mbegu zake, mbegu zinakufa na unga unakuwa chakula cha mifugo, mradi uchanganywe na majani na malisho mengine na usiwe chakula pekee. Kusaga ndiko kunakofanya tofauti. Mbuzi anayepewa unga hapandi kitu.

Miche midogo iliyokwisha kuota ing'olewe kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, mizizi yake ikiwa bado mifupi. Ukiuacha mche msimu mmoja, mkono hautautoa tena. Ninyi wenye ploti kando ya mifereji ya umwagiliaji ya Perkerra mtafanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko wengine, kwa sababu maji huwaletea mbegu kutoka kwa watu msiowajua, na Ziwa Baringo likijaa huleta nyingine. Weka siku ya kuzunguka ua baada ya kila mvua kubwa, iwe desturi kama ya kufagia. Mwaka wa kwanza miche itakuwa mingi kiasi cha kukatisha tamaa. Hiyo ni akiba iliyokuwa ardhini inatoka, na kila mche uliouong'oa hautazaa.

Kama bado unasitasita iwapo kazi hii inastahili, nikupe habari moja kutoka Mali. Katika wilaya ya Bandiagara, watafiti walichagua vijiji vilivyozungukwa na mathenge, na katika baadhi yake wakakata matawi yenye maua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017: pale palipokatwa maua, mbu wa malaria waliokamatwa walipungua kwa karibu asilimia 70, na walioondoka zaidi ni mbu jike wakongwe, ambao ndio wanaoambukiza. Mbu hunywa maji matamu ya maua kabla ya kutuuma sisi, na mathenge unatoa maua hata wakati mimea mingine imekauka. Kwa hiyo mti ulio karibu na dirisha la chumba cha kulala una sababu ya kutangulia kwenye orodha yako. Na kama huna nguvu ya kuung'oa mwezi huu, kukata maua yake si kazi bure.

Hata hivyo sitawaambia mng'oe yote siku moja. Joto la hapa tunalijua, na kwa nyumba nyingi mathenge ndio kivuli pekee, ndio kuni, na kwa wengine ndio mkaa unaolipa karo. Mwenye kutaka kuchoma mkaa aulize kwanza ofisi ya misitu, maana kanuni zake zipo hata kwa mti uliotangazwa gugu. Anayehitaji kivuli na auache mmoja, auinue kwa kupogoa matawi ya chini na kubakiza shina moja, akate maua na maganda kila yanapotokea, na papo hapo apande mrithi wake hatua chache kutoka hapo. Mathenge ukitoka bila kitu kuingia, ardhi iliyo wazi inakaribisha mathenge mwingine. Majani yake yaliyoanguka pia huzuia mbegu nyingine kuota, kwa hiyo yafagie, uyaondoe, umwagilie mahali hapo kabla ya kupanda.

Cha kupanda? Mgunga, kama una subira na mbuzi wako wamefungwa. Mkwaju, ambao una kivuli na una biashara. Kwenye sehemu iliyo wazi panda nyasi. Hapa Baringo, shirika la RAE Trust limekuwa likirudisha nyasi za asili kwenye ardhi iliyokufa tangu miaka ya 1980, na aina ya Cenchrus ciliaris ni miongoni mwa zilizothibitika, kwa hiyo hatuna haja ya kubuni. Watu wengi wataniambia mwarobaini. Unaota upesi, kweli, lakini kule pwani mwarobaini wenyewe umeshaanza kuingia kwenye misitu ambako haukualikwa, na ningependa tusirudi kwenye ukumbi huu baada ya miaka thelathini kuzungumza juu yake.

Mathenge ulio mpakani mwa ploti usiuguse kabla ya kuzungumza na jirani yako. Ukichimba upande wako tu, utakata mizizi ya pembeni na shingo itabaki upande wake, nzima. Muende pamoja, mkubaliane nani anatoa sururu na nani anachukua kuni, na mfanye kabla maganda hayajaiva.